Nilimsingizia Kazungu Mafuta Machafu

Nimekosa. Sitaki kuzungukazunguka. Nimemharibia mtu jina kwa sababu ya tundu dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na tundu lenyewe nililiziba mimi!

Mimi ni kijana wa mtaa wa Junda, fundi niliyejifunza kwa video za kwenye simu. Nikiona skrubu imelegea silali. Msikiti wetu una mashine ya kukatia nyasi, na anayeitumia ni jirani yetu Kazungu. Si Mwislamu, lakini kila Idi ikikaribia ndiye anayekata nyasi za uwanja wa kuswalia, tena kwa moyo mmoja.

Mwaka huu nikamwomba anipe mashine niikague kabla ya kazi.

"Ina nini? Mbona inakata?"

"Kukata inakata, kaka. Lakini iangalie ilivyo chafu!"

Nikaisugua mpaka ikang'aa. Kwenye kifuniko cha tangi la petroli nikaona kitundu. Loo! Nikasema, hapa ndipo vumbi linapoingia. Nikakiziba kwa tepu, nikaikata kwa mkasi ikae duara kamili. Nilijipongeza, wallahi.

Siku ya kukata, mashine iliwaka, ikaenda kidogo, ikakohoa, ikazima. Nikafungua kabureta, nikaisafisha, nikaifunga. Ikawaka! Nikainua mikono kama mshindi wa kombe. Ikazima tena. Nikabadilisha plagi. Nikatoa filta ya hewa. Wapi! Nyasi zilikuwa zimefika magotini, na watu wangeswali pale kesho yake asubuhi.

Mzee Shee, mwenyekiti wa msikiti, akaja na wazee wenzake. "Vipi, fundi? Tutasujudu vichakani?"

Wakacheka. Jasho likanitoka. Ningesema sijui, ningekufa? Lakini kwa mtu kama mimi neno hilo hukwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Ni mafuta, Mzee," nikasema. "Kazungu ametia mafuta ya taa ndani ya petroli."

Kazungu alikuwa pale pale, ameshika reki. "Mimi?"

"Nani mwingine aliyeyanunua?"

Aliiweka reki chini taratibu, akaondoka. Hakuna aliyemwita.

Nikafungua kifuniko ili niyamwage hayo mafuta "machafu". Fyuuu! Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Hapo nikaelewa: kile kitundu ni cha kuingizia hewa, na hewa isipoingia petroli haishuki. Nikabandua tepu yangu nzuri ya duara, nikaificha mfukoni. Mashine ikanguruma kwa mafuta yale yale ya Kazungu mpaka uwanja ukaisha.

"Mashallah, fundi!" Mzee Shee akanipiga bega.

Na mimi nikaipokea sifa, tepu ikiwa mfukoni!

Tangu hapo Kazungu hapewi tena kazi ya msikiti, na wengine mtaani huning'iniza pua juu ya dumu lake la petroli kabla ya kumruhusu awakatie nyasi zao. Nilimwendea kumtaka radhi. Alinisikiliza huku akinoa panga.

"Mdogo wangu, mimi nilijua mafuta yangu ni safi," akasema. "Sasa unaniambia mimi ya nini? Si uliwaambia wao?"

Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika haya. Nimeyaandika na kuyafuta, nikahamisha koma huku na kule, kana kwamba koma ndiyo iliyokosewa adabu!

Nyinyi wenzangu mnaoogopa kuonekana hamjui, semeni tu kwamba hamjui. Watu watacheka, kisha watakwenda zao kula. Na ukishamchafua mtu hadharani, usidhani utamsafisha kwa kunong'ona uani kwake.

Jina langu sikuliweka hapa. Ijumaa hii, swala ikiisha, nitasimama mbele ya Mzee Shee na jamaa wote nilitaje mwenyewe, na la Kazungu nilisafishe.