Yai la Darasa la Sita

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sare ya binti yake aliishona mishono ikitazama nje. Aliyemwona kwa mbali alidhani mtoto kavaa nguo huku bado anasinzia. Lakini binti huyo alizaliwa na ngozi nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukosi ukimkwaruza, lengelenge. Kiatu kikimbana, kidonda. Ugonjwa wenyewe ni nadra kiasi kwamba daktari wa kwanza aliwashauri wabadilishe sabuni. Wa pili, bingwa wa ngozi, ndiye aliyewaambia ukweli: amezaliwa nao, dawa ya kuuondoa hakuna, na haumwambukizi mtu.

Alipohamia shule mpya, darasa la sita, alikuja na barua ya bingwa huyo. Ilisema mambo mawili tu: ugonjwa hauambukizi, na mtoto asiguswe kwa nguvu. Mwalimu mkuu, mtu wa shughuli nyingi, aliisoma akiwa amesimama, simu sikioni. Asubuhi akatangaza mstarini, "Tumepata mwenzenu mpya. Huyu ni kama yai. Asiguswe." Mengine yote yakabaki kwenye karatasi.

Tangu hapo jina lake likawa Yai. Mlangoni wenzake walimpisha kama aliyebeba sufuria ya maji ya moto. Bomba alilonywea lilipumzishwa siku nzima, hata jua lilipokuwa kali na makoo yakakauka.

Aliyepata taabu zaidi ni mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimwita Sawasawa, kwa kuwa kila sentensi aliifunga kwa "Sawasawa?" na darasa zima likaitikia "Sawasawa!" waelewe wasielewe. Alikuwa na vifaa viwili vya kufundishia, chaki na kiboko, na chaki ndiyo iliyokuwa ikichelewa kuisha.

Akaenda kwa mkuu. "Mkuu, huyu mtoto nitamfundishaje?"

"Kama wengine."

"Wengine nawachapa."

Mkuu akaona hoja ni nzito, akaitisha kikao. Walimu walikaa saa nzima na chai ikaja mara mbili. Waliamua kwamba, ili haki itendeke, fimbo za Yai azipokee anayekaa naye dawati moja. Katibu aliandika kwamba shule imeimarisha ushirikiano.

Azimio likasomwa darasani, na kabla ya mapumziko ya mchana Yai alikuwa peke yake dawatini. Alikaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu akaja msichana mmoja mwingi wa maneno, waliyemwita Redio, akatupa begi lake pale.

"Sogea kidogo."

"Hujasikia? Nikikosa mimi, utachapwa wewe."

"Nimesikia. Ngozi yangu mimi ya kiboko. Acha kiboko kikutane na kiboko mwenzake."

Wiki hiyo Redio alichapwa mara mbili kwa makosa yake mwenyewe, na mara tatu kwa makosa ya Yai. Ya tatu hakucheka. Alikaa akauficha mkono chini ya dawati, na Yai akakosa pa kuangalia.

Jioni, mama alikuwa akimbandua bandeji kwa maji ya uvuguvugu, kazi ya saa nzima kila siku. Akaona machozi yanatoka kabla hajafika penye kidonda.

"Mama'angu, leo panauma wapi?"

"Si pangu, mama. Ni mkono wa Redio."

Akamweleza yote. Kesho yake mama alifunika cherehani akaenda shuleni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mkuu alipoiona ile futi akadhani ametumwa kupima majengo, akampa kiti cha wageni.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza hesabu tu," mama alisema. "Mwanangu anakosea, anachapwa mtoto wa mwenzangu. Sasa mimi nikiumwa, dawa mtampa jirani?"

"Mama, hilo lilikuwa azimio la kikao."

"Wangapi mlikuwa kwenye hicho kikao?"

"Kumi na wanne."

"Na wote mna watoto?"

Mkuu akahamisha kalamu kutoka upande huu wa meza kwenda ule. Mwishowe alitamka kwamba darasa la sita litasoma bila fimbo kwa muhula mmoja, kwa majaribio.

Sawasawa aliingia darasani mikono mitupu, kama mtu aliyesahau suruali. Akaandika ubaoni nusu gawanya kwa robo.

"Kwa nini ile ya pili tunaigeuza?" Redio akauliza.

"Kwa sababu inageuzwa. Sawasawa?"

Hakuna aliyeitikia. Mkono wa mwalimu ulikwenda wenyewe kwenye kona ya fimbo, ukarudi na dasta.

Yai akainuka taratibu. "Mwalimu, mama akiwa na nusu mita ya kitambaa, na kila mfuko unataka robo mita, anapata mifuko miwili. Si tunauliza robo ngapi zinaingia kwenye nusu?"

Sawasawa aliutazama ubao. "Nimeifundisha hii miaka kumi na tisa," akasema. Kesho yake alikuja na kipande cha kitambaa na mkasi.

Alama zilipopanda, mkuu alitundika bango getini: SHULE RAFIKI KWA KILA NGOZI. Akapigwa picha na Yai. Mpigapicha alimwambia mkuu amwekee mkono begani, naye akauacha ukielea shubiri moja juu, kama anayemwombea dua.

Fimbo zilihamia darasa la tano. Haikupita wiki, watoto wa huko wakamjia Yai, walewale waliokuwa wakilikwepa bomba.

"Dada, ugonjwa wako unapatikanaje?"

Yai alipandisha mkono wa sare, akafungua bandeji, wakaona. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Basi bora fimbo."

"Bora gani?" Redio akamkatiza.

Yai aliwaandikia barua ya kumwomba mkuu aziondoe fimbo na kwao, wakaisaini watoto arobaini. Mkuu aliipokea kwa furaha, akaunda kamati. Yai alimaliza shule kamati ikiwa bado inatafuta mwenyekiti, ila mwalimu wa darasa la tano, baada ya kuyasoma yale majina arobaini, fimbo aliiacha mwenyewe.

Leo Yai ni karani wa ofisi ya leseni. Bandeji bado anafunga, na kidole chake kidogo hakinyooki. Wateja humuuliza kama aliungua moto.

"Nimezaliwa hivi," huwajibu. "Fomu yako hujasaini."