Chungu Kilichotoka Msingini Mutuini

Niliondoka nyumbani kwa sababu malkia wangu alikataa kuzungumza. Naandika riwaya kuhusu Kushi, ule ufalme wa kale kando ya Nile, na tangu mvua zianze nilikuwa nimejifungia Ngara, juu ya maduka ya jumla, nikiandika na kufuta. Nachemsha chai, nasahau kuinywa. Nasimama dirishani, narudi mezani, nasimama tena. Ndipo Wairimu, rafiki yangu anayesuka nywele Kenyatta Market, akanipigia simu.

"Nafula, mafundi wa mathe wamechimba msingi wakapata chungu imevunjika na mawe nyeusi za kung'aa. Leo mchana wanamwaga simiti. Si wewe hupenda vitu za kitambo?"

Hata viatu sikuvifunga vizuri.

Asubuhi hiyo nilipita katikati ya mji mbio mbio, kama mtu aliyechelewa mtihani. Njiani kuelekea Dagoretti nilipanga maneno: urithi, historia, vizazi vijavyo. Nilitaka kumshawishi mama yake Wairimu asimamishe ujenzi.

Mutuini, boda boda iliniacha kwenye lango la mabati. Upande mmoja kulikuwa na majani ya ng'ombe, upande wa pili nyumba mpya za kupangisha. Mama Wairimu alisimama ukingoni mwa mtaro, gambuti miguuni na leso kichwani.

"Ni wewe wa kuandika vitabu? Karibu, lakini uharakishe. Fundi anangojea."

Nikashuka mtaroni. Mawe yalikuwa ya kweli: vipande vyeusi kama kioo, vile ambavyo watu wa kale walichonga kuwa visu. Niliokota kimoja, kikanikata kidole. Damu ikatoka, nami nikacheka peke yangu. Pengine kilichongwa kabla Kushi haijakuwa na mfalme, na makali bado yalikuwamo.

Nikaanza hotuba yangu. Nikamwambia lazima wataalamu waje kwanza.

"Na hizi nyumba nitajenga lini?" akaniuliza. "Mzee aliniachia shamba, hakuniachia pensheni."

Nikaokota kipande cha chungu, nikampa, nikidhani nacho ni cha enzi zile. Alikigeuza, akakipangusa udongo kwa kidole gumba. Halafu akaketi juu ya mfuko wa simiti.

"Hii si ya watu wako wa kitambo. Ni ya mama ya bwanangu. Ya uji. Jikoni yake ilikuwa hapa." Alikigeuza tena. "Hakuwahi kuniruhusu niiguse. Alisema mikono yangu itaharibu uji. Nilimuuguza mpaka akafa, na bado hakuniruhusu."

Fundi akaita akiuliza kama waanze.

"Hii kona iache," Mama Wairimu akasema bila kumwangalia.

"Mama, hapo ni rumu nzima ya mpangaji!"

"Nimesema iache. Mwaga kwingine."

Nikampigia simu mwalimu mmoja anayefundisha mambo ya kale. Akaahidi kuja kuyaona mawe. Mama Wairimu hakuuliza ni nani anayekuja. Alikuwa amepiga magoti, akiviokota vigae na kuviweka katika leso aliyoivua kichwani.

Alasiri, wakati wa kurudi, nilishukia Kenyatta Market. Nisingeweza kwenda nyumbani na habari hiyo. Wairimu alikuwa akimsuka mteja. Nilimsimulia yote haraka haraka, na mikono yake ikasimama.

"Mathe amekuambia hiyo? Wewe?"

"Ndiyo."

"Tangu nikiwa mdogo namuuliza mathe, 'Shosho, mama ya baba, alikuwa mtu wa aina gani?' Yeye husema tu, 'Alikuwa mzuri.'"

Akamwomba mwenzake ammalizie mteja, akavua aproni, akatoka. Ilibidi nimkimbilie na mkoba wake.

Nilifika Ngara giza likiingia. Niliketi, nikasimama, nikaketi. Siku zote nimeamini kwamba ukijua kuuliza vizuri, waliopita watakujibu. Wairimu aliuliza maisha yake yote. Mama yake alinyamaza mpaka kitu chenyewe kilipofika mikononi mwake.

Asubuhi Wairimu alinitumia ujumbe mfupi: alilala kwa mamake, na walikuwa bado wanaongea.