Mara Saba

Bibi yangu alikuwaka na mbuzi mweusi. Unajua mbuzi aliyefungwa kwa mti: anazunguka, anazunguka, kamba inajikunja, mwisho shingo inafika kwa mti na anaanza kulia. Bibi alisemaka, "Kamba haina ubaya. Ubaya ni ule mzunguko wa mwisho." Lakini sikutaka kukuambia mbuzi, rafiki yangu. Juzi mjukuu wangu alikuwa anachezea hesabu kwa telefone, namba fulani ikatokea, nikamunyang'anya ile telefone.

Masomo yaliniacha mapema, ila hiyo naiandika macho yakiwa yamefungwa: 142857.

Tulikuwa watoto sita, tukikaa duara kwa sahani moja ya bugali na samaki wadogo wa sambaza, kila mutu na pahali pake. Jirani yetu alikuwa mwalimu, muzee mpole aliyeishi peke yake. Siku moja akaiandika kwa makala meusi ya kupikia kwenye ukuta wake wa mawe ya volkano, akatugawia kila mutoto chifre moja ya ile namba. Mimi nikawa nane.

"Tuzidishe mara mbili." Ikawa 285714. "Mumeona? Mumehama pahali tu. Hakuna aliyepotea, hakuna mgeni." Mara tatu, 428571. Vile vile mpaka mara sita, tunazungukana kama kwa sahani, tunacheka.

Dada yangu mkubwa akauliza, "Na mara saba?"

"Hapo tuache."

"Aa, Mwalimu anaogopa hesabu!"

Akaandika 999999.

Nilitafuta nane yangu. Haikuwapo. Tulikuwa tumekwisha wote, na pahali petu wageni sita, sura moja.

Na mama alikuwa na mimba ya saba.

Tangu siku ile nilikuwa naacha chakula kwa sahani. Udongo ukitetemeka kidogo, na kwetu unatetemekaka, nilijua ni wa saba anabisha hodi. Nikaficha kitenge cha mama cha kwenda nacho maternité kuzaa. Alipokiona chini ya makala alicheka mpaka akakaa. "Papa yangu mudogo, unataka mutoto abaki ndani mpaka aote ndevu?" Akaenda. Nikabaki naangalia ndugu zangu, sura kwa sura, sombe, majani ya muhogo, ikiungua kwa moto.

Akarudi na mutoto mwanamuke, na sisi wote tuko.

Leo ukuta ule uko chini ya lava. Sahani ilipotea katika kukimbia. Wa duara tumetawanyika, mumoja Butembo, mwingine Vitshumbi, wengine siulizi tena. Lakini siku ile mama alirudi nilikuwa na furaha, nikakimbia kwa mwalimu.

"Mwalimu! Wa saba amefika na hakuna aliyepotea! Ukuta wako unadanganya!"

"Mungu ashukuriwe," akasema, akanishika kichwa.

Nikauliza tu, ulimi wa mutoto: "Na watoto wako wewe, walikuwaka wangapi?"

Akaangalia ukuta. Akapangusa zile tisa zote sita kwa kiganja, moja moja, akavaa kofia, akashika barabara ya Kibati bila mufuko, bila fimbo. Maharagi yake yalikuwa kwa moto. Mama ndiye alikuja kuyaondoa, jioni, yakiwa yamekauka.