Pasi Yangu na Ski za Shamsa

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu: "Nani hapa anajua kupiga pasi?"

Tulikuwa kundi la vibarua wapya, tumesimama kwenye karakana ya jumba la theluji ya kutengenezwa kule Dubai. Nje jua la Agosti linachoma, sisi ndani tumevaa makoti mazito kama wagonjwa wa malaria. Aliyeuliza alikuwa mkuu wa karakana, Mzungu mrefu aliyekulia kwenye milima ya barafu. Wenzangu walitazamana, wakidhani anatafuta mtu wa kumnyooshea mashati. Mimi mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nilikuwa nimefanya udobi mtaa wa Al Baraha, hukohuko Dubai, miaka mingi, nikinyoosha kanzu za watu mpaka zinataka kusimama zenyewe. Kazi ya pasi isinipite mimi Athumani?

Akanipeleka kwenye meza. Ubao mrefu mwembamba ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, tumbo juu. "Hii ni ski, huvaliwa mguuni kutelezea theluji," akasema. "Itie nta, kisha ipige pasi." Wallahi nilicheka! Sikujua kwamba siku ile nimepata kazi nitakayoipenda kuliko zote.

Nyinyi vijana mnaoniuliza kazi gani hiyo ya Mswahili kupiga pasi mbao, sikilizeni basi. Tumbo la ski si mbao, ni plastiki ngumu yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hunywa nta, na nta ndiyo inayofanya ski iteleze. Lakini vitundu hivyohivyo hunywa uchafu pia, na Dubai vumbi la jangwani halina adabu, huingia hata kwenye friji. Basi tulikuwa tunayeyusha nta laini, tunaipitishia pasi, halafu tunaikwangua kwa kipande cha plastiki ingali moto. Nta inatoka na taka zake. Mnarudia mpaka itoke nyeupe. Ndipo mnaweka nta ya kuteleza, mnaiacha ipoe, mnaikwangua, mnapiga brashi kutoka ncha ya mbele kwenda nyuma.

"Pasi ikisimama, ski imekufa," mkuu alipenda kusema, maana joto likizidi mahali pamoja vitundu huungua vikaziba. Mimi dobi wa kanzu za hariri aniambie hilo!

Wateja wengi walikodi ski fupi za kuporomoka mlimani. Mimi niliziita bodaboda. Roho yangu ilikuwa kwa zile ndefu nyembamba za pembeni, za masafa, ambazo mtu huzitumia kutembea tambarare na hata kupanda kilima. Hizo zina siri yake. Mbele na nyuma huwekwa nta ya kuteleza, ila katikati, chini ya mguu, hupakwa gundi ya kunata. Ukikanyaga, katikati inagusa theluji na kushika. Ukilegeza, inajiinua na ncha zinateleza. Ukichanganya hivyo viwili, umekwisha. Mwaka uliofuata meneja wa jumba alinipandisha cheo, nikawa msimamizi wa ski za masafa. Idara yangu ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi, lakini nilitembea kifua mbele hata kwenye basi la kurudi nyumbani, mtaa wa International City.

Hapo ndipo nilipomjua Shamsa, binti wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Dubai zamani. Alikuja kila wiki na bibi yake, Bi Zuwena, ambaye alikaa nyuma ya kioo, kwenye mkahawa, na chupa yake ya kahawa. Binti alikuwa na ski zake mwenyewe za masafa na alikuwa na ndoto moja: kushindana kwenye theluji ya kweli, Ulaya. Babake alimpa nafasi moja. Mwalimu wa timu moja ya huko Ulaya angepita Dubai kumtazama. Akimkubali, binti ataenda kambini. Asipomkubali, ski zinauzwa na Shamsa anaanza kazi ofisini kwa baba.

Asubuhi ya majaribio, kabla ya wateja kuingia, Shamsa alinijia mbio akilia, Bi Zuwena nyuma yake.

"Ami! Ami Athumani, zimeharibika!"

Jana yake alikuwa amepaka gundi mapema, kwa furaha tu, akaziacha ski kwenye buti la gari. Buti la gari Dubai, Agosti! Gundi ilikuwa imeyeyuka kama samli, imetambaa tumbo zima toka ncha hadi ncha, na mfuko wa kubebea ski umenasa humo. Ski kama hiyo haishiki wala haitelezi.

"Loo! Ndiyo kwaheri hiyo," Bi Zuwena akasema, mkono kichwani. "Babake keshamtengea kiti ofisini, hata chai wameshapanga nani ataleta."

Mkuu aliitazama ski, mimi nikaitazama ski. Kisha tukapiga kelele pamoja, yeye "Theluji!" na mimi "Barafu!" Yeye alifundishwa na baba yake mlimani, mimi nilifundishwa na chingamu. Mteja akikalia chingamu, dobi haivuti, huiwekea barafu mpaka igande, kisha huibandua. Tukakimbia ndani ya jumba, kila mtu na ski yake begani, wazee wazima! Tukazilaza kwenye theluji, tumbo chini. Gundi ikawa ngumu kama kashata, tukaikwangua vipande vikaruka mpaka kwenye ndevu.

Tukarudi mezani. Katikati tukapitisha dawa ya kuondolea gundi. Kwenye ncha tukayeyusha nta laini ya kusafishia kwa pasi, tukaikwangua.

"Yalla, Osman, inatosha! Mwalimu anatazama saa!" mkuu akanihimiza; jina Athumani lilimshinda, akaniita hivyo siku zote.

"Bado, sir. Nta bado ina kijivu."

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wao hawakuwa na mwalimu wa timu anayewahi ndege. Mkuu akainama, akakiona kijivu, akatukana kwa lugha ya kwao, kisha akanirudishia pasi. Ilipotoka nyeupe tukaweka nta ya kuteleza, ikapoa, tukapiga brashi. Mkuu akapaka gundi mpya katikati, nyembamba, kwa kidole gumba. Tukazirudisha kwenye theluji zipoe, maana ski ya moto hushika barafu tumboni.

Shamsa akavaa. Tambarare akaenda vizuri. Kisha akafika kwenye kilima. Pale, gundi isiposhika, mguu unarudi nyuma mbele ya watu. Akakanyaga. Ski ikashika! Akakanyaga tena, ikashika, akapanda, na Bi Zuwena anagonga kioo kwa pete yake. Akageuka juu, akashuka anateleza bila sauti. Mwalimu, mwanamke mkavu wa maneno, alifunga koti lake akasema, "Mwambieni afunge mizigo." Vigelegele alivyopiga Bi Zuwena, walinzi walikuja wakidhani kuna moto.

Kabla ya kuondoka Shamsa alikaa nami mezani mpaka akajua kusafisha ski zake peke yake.

Mimi sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani Kisauni. Napiga pasi kanzu yangu ya Ijumaa tu, na mkono bado unakwenda mbele kwenda nyuma bila kusimama. Majuzi simu ililia. Alikuwa Shamsa kwenye video, pua nyekundu, theluji imejaa nyuma yake, amemaliza mashindano. Wanangu wakaninyang'anya simu wakimuuliza amekuwa wa ngapi. Akacheka: wa mwisho kasoro mmoja.

Nikaichukua simu yangu.

"Shamsa, mwanangu, geuza ski nione tumbo."

Akaigeuza. Safi!