Landrova Ilivyofungwa Kama Mbuzi

Majuzi pale Katito dereva mmoja alikuwa akifunga Landrova mbovu juu ya trela, kamba akaipitisha juu ya boneti.

"Hii ikianguka kabla ya Kisumu, sina kazi," akanung'unika.

Mkewe, muuza samaki, akatua kikapu, akapanda bampa na kurukaruka. Kamba ikalegea.

"Baba, ukipandisha mbuzi juu ya basi unamfunga wapi?"

"Miguu," akajibu polepole.

Akaingia chini ya gari, akakaza minyororo kwenye ekseli za magurudumu, mbele na nyuma. Mama akaruka tena. Gari likanesa, minyororo ikakaa imara.

Mimi niliyekuwa nikitazama niliomba lifti, tukaondoka sote watatu. Tulipofika Kisumu, dereva akawaambia makanika, "Hiyo ni akili yangu." Mkewe akaficha kicheko ndani ya leso, akanikonyeza ninyamaze. Nimenyamaza siku tatu nzima, jamani.