Mama na Neema kwenye barabara ya Japani

Leo nimesikia gari likipata ajali, na mama yangu alikuwa ndani.

Nilikuwa hapa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, nafunga mizigo. Mama akanipigia video kutoka milimani Japani, anionyeshe maua ya cheri. Mdogo wangu Neema ndiye aliyekuwa anaendesha.

Mara Mama akasema, "Neema, mbona lile gari linatujia?"

Neema alikuwa amehamia kulia, kama tulivyozoea huku Guangzhou. Kule wanapita kushoto.

Kishindo. Simu ikakatika.

Nilipiga nusu saa nzima, nimekaa sakafuni.

Hatimaye Mama akapokea. "Tuko wazima, mwanangu. Tulikwepa, tukaingia shamba la mpunga."

Nikaomba kuongea na Neema. Nilimsikia anapumua tu, ikanitosha.

Jamani, hofu kama hii huisha baada ya muda gani?