Arobaini ya Pikapu

Pikapu ya baba ilikuwa ya kijani. Sasa ni ya kijani pale tu ambapo mvua haifiki. Mlango mmoja unafungwa kwa kamba, na kioo cha mbele kina ufa ambao tumeshauzoea. Naipenda kwa sababu ambayo sijawahi kumwambia mtu: injini yake ina kelele.

Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Shule ya msingi mwalimu alikuwa ananiambia nirudie jibu langu mpaka nalisahau. Lakini ndani ya pikapu huwezi kunong'ona. Baba alinifundisha kuendesha kwenye shamba letu baada ya kuvuna mahindi. Yeye alipiga kelele "Klachi!" nami nikapiga kelele "Nimeshakanyaga!" Nilipoteremka koo liliniuma kama nimetoka harusini.

Mwaka huu baridi ya Juni ilipoingia, pikapu ikaanza kugoma asubuhi. Ukiwasha, injini inajivuta mara mbili, inanyamaza. Betri nayo imezeeka. Ikawa kila siku ya kupeleka vitunguu saumu mnadani tunaisukuma, sisi na majirani, mpaka majirani wakaanza kuchelewa kuamka.

"Gari la kusukumwa ni mkokoteni," kaka yangu akasema. "Tuuze chuma chakavu, tununue pikipiki."

Mama hakusema kitu. Mama akinyamaza ujue amekubali.

Baba akaomba mwezi mmoja. Alisema oili iliyomo imechoka, akiimwaga na kuweka mpya injini itaamka. Kama mwezi ukiisha bado tunasukuma, basi, wanunuzi wa chuma chakavu waje na mizani yao. Kaka akacheka, wakapeana mikono.

Mgongo wa baba ulikuwa umeumia kwa kusukuma, kwa hiyo nikatumwa mimi Mbulu mjini. Hela ilitosha kopo moja. Tukikosea hakuna la pili.

"Sema unataka arobaini," baba aliniambia. "Usikubali nyingine." Arobaini ni namba ya oili nzito. Baba aliizoea tangu alipokuwa anaishi Dirma, ambako ndiko alikonunua pikapu, na fundi wa kule alimwambia injini ya zamani inataka oili nzito. Kweli moshi ulipungua.

Njia nzima kwenye basi nilikuwa narudia neno hilo ili nisilikwamie.

Duka nililoelekezwa lina vipuri mbele na nyumba kwa nyuma. Kwenye kaunta alikuwa amekaa mama aliyejifunga khanga kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimetumwa arobaini."

Akaniangalia kwa huruma. Akainuka, akanishika bega. "Arobaini ni kesho, ila umefanya vizuri kuja leo. Pita huku, wenzako wako nyuma."

Sikuelewa habari ya kesho, lakini niliposikia nyuma nikafikiri ndiko oili inakowekwa. Nikapita. Uani kulikuwa na wanawake wengi kwenye mkeka, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu saumu. Mmoja akasogea, akanipa kisu. Nikajiambia labda muuza oili yuko njiani. Nikaanza kumenya.

Vitunguu saumu kwetu ndiyo kazi, kwa hiyo mikono ilikwenda yenyewe. Rundo langu likawa kubwa. Kila nilipofungua mdomo niseme, mtu mwingine alikuwa ameshaanza hadithi yake.

Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akaniuliza, "Na wewe, marehemu alikuwa nani yako?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama mzazi wa mwenye duka alikuwa amefariki, na kesho yake walikuwa wanamsomea arobaini.

"Simjui," nikasema.

"Sema kwa nguvu, masikio yangu hayasikii vizuri."

"Simjui, bibi! Nimekuja kununua oili! Ya pikapu!"

Visu vikasimama. Halafu mkeka mzima ukaangua kicheko.

"Jamani, tumemmenyesha mteja!"

"Na anamenya kukushinda wewe, wifi. Tumbakize!"

"Acheni mtoto wa watu," bibi akasema huku anajifuta machozi. "Marehemu mwenyewe angekuwepo angelala chini kwa kucheka."

Wakamwita mwenye duka, baba mmoja wa makamo. Alikuja amevaa kofia yake, akaelezwa, akacheka, akaniomba radhi. Siku nyingine angenipa kopo nikaondoka, lakini siku hiyo nafikiri alijiona ana deni. Alivuta stuli, akakaa.

"Mnaishi wapi, binti?"

"Kule juu, karibu na msitu."

"Asubuhi kuna baridi?"

"Mafuta ya kula yanaganda kwenye chupa. Lakini arobaini baba aliizoea huko Dirma."

"Basi arobaini nayo inakuwa hivyo hivyo ndani ya injini. Inakuwa kama uji uliolala. Dirma jua linaiyeyusha mapema, huko kwenu je?"

Akaniwekea makopo matatu. La kwanza lilikuwa la rangi ya dhahabu, oili nyepesi ya magari mapya. Akasema kwanza ni ghali, pili kwenye injini kuukuu itavuja kila mahali. La pili ndilo arobaini. La tatu lilikuwa kopo la kawaida, bei kama ya arobaini, limeandikwa ishirini na hamsini. "Hii, baridi ikiwa kali, inabaki nyepesi, injini ikipata moto inashika uzito. Lakini mimi nitauza lolote. Gari ni lenu."

Nikampigia baba simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Nikasimama pale, nikifikiria kopo moja, mwezi mmoja na mikono waliyopeana baba na kaka. Kisha nikaligusa la tatu.

Nyumbani baba alilizungusha kopo mkononi.

"Nilikutuma arobaini."

"Ndiyo baba."

"Na hii?"

Nikamweleza yote, uji uliolala, Dirma, baridi, mpaka vitunguu nilivyomenya. Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo nikiwa nimesimama mbele yake. Alichukua spana, akalala chini ya pikapu, akamwaga oili ya zamani. Ilitoka polepole, kama haitaki. Kisha akamimina ile niliyoleta.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande. Kaka alishakunja mikono ya sweta, amesimama nyuma ya gari tayari kusukuma. "Uageni mkokoteni wenu," akasema.

Baba akawasha. Injini ikajivuta mara moja, ikakohoa, ikashika. Moshi kidogo wa buluu ukampitia kaka usoni.

Baba hakungoja. Aliogopa ikisimama isije ikabadili mawazo, akaondoka hivyo hivyo, mimi pembeni yake na magunia nyuma. Kaka akabaki amenyoosha mikono, hana cha kusukuma. Halafu akaanza kukimbia.

"Simameni basi! Baba!"

"Anasemaje?" baba akaniuliza, wala hakugeuka.

"Anasema tusimame."

"Mwambie adandie."

Alidandia. Kandambili yake moja ilibaki barabarani, tukaiokota jioni tukirudi.